Siku Mtukanwa wa Serikali Alipolia

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu serikali yake ina mkono mrefu na mimi napenda kulala nyumbani kwangu. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya amani, na amani hiyo ilitokana na jambo moja tu: haikuwa na wapinzani hata mmoja. Wasioridhika walikuwapo, hilo sitaficha, maana hata wali wa harusi haukosi jiwe. Lakini mtu asiyeridhika hakuachwa akitangatanga hivi hivi bila kujulikana. Serikali yake yenye huruma ilimpa jina. Walimu waliouliza chaki waliitwa Vidukari. Wauguzi walioomba glovu wakaitwa Kupe. Wanafunzi waliotaka kujua vitabu viko wapi wakaitwa Mapepe, na wale waliosema kura zihesabiwe mara ya pili wakaitwa Wazandiki, jina lililopendeza mno hata likatiwa kwenye wimbo wa watoto wa chekechea.

Kazi hii nyeti ilifanywa na Idara ya Majina, jengo la ghorofa nne lililopakwa rangi ya maziwa, na fundi wake mkuu alikuwa Mwalimu Shomvi. Huyu alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita. Siku moja waziri alitembelea shule yake, akamsikia akimkemea mwanafunzi mtoro kwa maneno manne tu, na yule mtoro hakuonekana tena shuleni wala mtaani. "Huyu ni hazina ya taifa," waziri akasema, na kabla ya jioni Mwalimu Shomvi akawa na ofisi yenye zulia.

Msimdhanie vibaya. Hakumchukia mtu. Alijiona kama seremala: ukimletea mbao atakuchongea kiti, na nani atakikalia hilo si lake. Nyumbani alisema yuko wizarani, kitengo cha lugha, na hakuwa amesema uongo. Alikwenda kazini na kamusi tatu kwenye mkoba, akarudi nazo, akala, akalala usingizi wa mtu aliyetumia vizuri elimu yake.

Ili fundi asije akaingiwa na huruma, Idara ilikuwa na utaratibu wake. Faili zilimfikia zikiwa hazina majina ya watu wala ya mahali. Zilikuwa na nambari, na sentensi moja ya lalamiko. Faili Namba Arobaini na Saba ilipoletwa mezani kwake asubuhi ya Jumatatu, iliandikwa hivi: "Wanataka njia ya kuvukia maji." Basi. Mwalimu Shomvi akanywa chai yake, akatazama dirishani, akafikiri juu ya watu wanaopiga kelele kwa ajili ya maji. Hata chai haikupoa. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: *Vyura*.

*

Jina likishatungwa lilipaswa kupimwa, na hapa ndipo nchi ile ilipoyapita mataifa mengine yote, hata yale makubwa. Wengine hutukana kwa kubahatisha. Wao walikuwa na Mtukanwa wa Serikali.

Mtukanwa alikuwa Bwana Songoro, mtumishi wa daraja la pili, mwenye likizo na bima ya afya. Aliajiriwa akiwa kijana kwa sababu ya wepesi wake wa kuudhika, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, akatukanwa. Mkurugenzi alimsomea jina jipya usoni mara tatu. Pembeni alisimama tabibu akitazama mshipa wa paji la uso. Mshipa ukitulia, jina limefeli. Mshipa ukisimama, limefaulu. Songoro mwenyewe akisimama, limefaulu kwa heshima. Siku ya Kupe alirarua pazia, na pazia hilo limehifadhiwa makumbusho.

Kwa kuwa kipimo kizuri hakina budi kutunzwa, kanuni zilikataza mtu yeyote kumsalimia Bwana Songoro ndani ya jengo, au kumwita kwa heshima, au kumuuliza ameamkaje, asije akalainika. Miaka thelathini alipita katika korido zile watu wakimtazama kama wanavyotazama mizani ya sokoni. Chai yake aliwekewa dirishani.

"Vyura," Mkurugenzi akamsomea. "Vyura. Vyura!"

Mshipa ukasimama kama kamba ya kuanikia nguo. Wajumbe wakapiga makofi.

Mkurugenzi, Mheshimiwa Pazi Burhani, alikuwa mtu asiyeweza kuomba chumvi bila kuhutubia. Akavuta suruali juu, akasimama. "Wakuu wa vitengo, wataalamu, na wewe Mwalimu! Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Leo chura tumempata. Ng'ombe ni sisi, na maji tutakunywa! Tutakunywa kwa mujibu wa mpango wa miaka mitano, awamu kwa awamu, bila kuyumba!"

Saa sita mchana Waraka wa Majina ukapelekwa nchi nzima, kwa kila ofisi, kila kituo na kila kivuko. Na Kifungu cha Tisa cha Sheria ya Majina kilijulikana na kila mtu, hata wasiojua kusoma: mwenye jina hajibiwi barua, hapandi chombo cha serikali, hatibiwi hospitali ya serikali, wala haulizwi habari za nyumbani, mpaka jina lake litakapokwisha. Kifungu cha kumi, ambacho kingeeleza jina linakwishaje, kilikuwa bado kiko kwa mpiga chapa.

*

Jumanne simu ya Mwalimu Shomvi ikalia. Alikuwa bintiye, Mwanaheri.

Mwanaheri ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Aliolewa Kisimbi, ng'ambo ya Mto Kizuka, na alikuwa mjamzito wa miezi minane na zaidi. Mimba ya kwanza ilikuwa imemtoka vibaya. Mtoto alikufa na mama nusura amfuate. Daktari wa hospitali ya wilaya alimwambia waziwazi: ya pili ni kwa upasuaji, hospitalini, na usithubutu kungoja uchungu ukiwa nyumbani. Hospitali hiyo ilikuwa upande huu wa mto. Daraja lilichukuliwa na mvua za masika, na tangu hapo watu wa Kisimbi walivuka kwa boti ya serikali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hali yako?"

"Hali ya vyura, baba."

Mwalimu Shomvi akaweka kalamu chini.

"Hujasikia redioni? Tuliandika barua tukaomba daraja. Kijiji kizima tulitia sahihi, hadi bibi kizee asiyeona alitia dole gumba. Jibu limekuja jana: sisi ni Vyura. Leo nimekwenda kuweka nafasi kwenye boti, maana daktari alisema nisipitishe Ijumaa. Nahodha kaniambia, 'Chura hapandi boti, mama. Chura anaogelea.' Watu wakacheka, baba. Na jina lenyewe, nikuambie ukweli, limekaa. Sijui nani kalitunga, Mungu amlaani."

Kimya.

"Baba? Upo?"

"Nipo," akasema Mwalimu Shomvi, na sauti yake hakuijua. "Ngoja kwanza. Nitazungumza na watu."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alikuwa ameifundisha methali hiyo kidato cha pili kwa miaka ishirini na sita, na wanafunzi wake wote waliipatia kwenye mtihani. Yeye ndiye aliyekuwa bado.

*

Alidhani ni jambo la dakika tano. Alimkuta Mkurugenzi akijitazama kwenye kioo akifanya mazoezi ya kusikitika, maana kulikuwa na msiba wa kitaifa kesho yake.

"Mheshimiwa, naomba kulifuta lile jina la Vyura. Nimekosea."

"Kulifuta?" Mkurugenzi akacheka kwa upole. "Mwalimu, jina halifutwi. Likifutwa, kundi litabaki halina jina. Kundi lisilo na jina ni la nani? Ni letu. Na letu halilalamiki. Hawa wanalalamika. Kwa hiyo si letu. Kwa hiyo lazima wawe na jina. Umeona mantiki inavyojifunga yenyewe?"

"Basi libadilishwe."

"Kubadilisha kunaruhusiwa! Serikali si jiwe. Jaza Fomu Namba Kumi na Moja."

Fomu ilikuwa masjala. Mama wa masjala alikuwa amekwenda kunywa chai, na alipotoka kwenye chai alikwenda kumtafuta aliye na ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina ya kuharakisha huduma. Jumanne ikaisha. Jumatano asubuhi fomu ikapatikana, na Mwalimu Shomvi akaisoma akiwa amesimama. Sehemu ya kwanza ilimtaka kiongozi wa Vyura akiri kwa sahihi yake kwamba yeye ni chura, kwa barua.

"Lakini barua ya chura haisomwi," akasema.

"Haisomwi," mama wa masjala akakubali.

"Sasa atakirije?"

"Kwa barua."

"Mama, nisikilize. Barua haisomwi!"

"Usinifokee, Mwalimu. Mimi sikutunga hayo majina."

Mwalimu Shomvi akaikunja fomu. Akarudi ofisini akiwa na hasira ya kupasua meza, na mbaya zaidi ni kwamba hakumwona wa kumkasirikia. Kila mlango aliougonga ulifunguliwa na mtu mwenye adabu. Kila mtu alimpa kiti. Kila mtu alimsikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa, kisha akamweleza, taratibu kabisa, kwa nini ukuta ule una haki ya kuwa pale. Alianza kuelewa kwa nini watu huandamana. Si kwa sababu wamenyimwa. Ni kwa sababu wamepewa kiti na kusikilizwa.

Jioni mama wa masjala akamhurumia. Aligundua kwamba mtunzi wa jina mwenyewe anaweza kuomba kulibadilisha "kwa sababu za ufundi", mradi alete jina jipya likapimwe. Kikao kikapangwa Alhamisi saa nne.

*

Mpango wa Mwalimu Shomvi ulikuwa rahisi. Angeleta jina lisilo na ubaya, lipite, Vyura wasiwe Vyura tena, na nahodha akose neno la kumwambia Mwanaheri. Alisahau kwamba kipimo cha Idara hakipitishi jina lisilo na ubaya. Ndiyo kazi yake.

"Majirani wa Mtoni," Mkurugenzi akamsomea Songoro, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Songoro akapiga miayo. Tabibu akatikisa kichwa.

"Wasafiri," Mkurugenzi akasoma.

"Wanakwenda wapi?" Songoro akauliza, na katibu akakata jina hilo kwa kalamu nyekundu, maana Mtukanwa hapaswi kuonyesha nia njema.

"Mwalimu," Mkurugenzi akasema, akivua miwani, "umechoka? Wewe uliyetupa Mapepe? Wewe uliyetupa Wazandiki? Taifa linakutazama kwa jicho la huzuni. Hawa watu unawaitaje basi?"

Mwalimu Shomvi akasimama. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ilikuwa Alhamisi, saa tano kasoro, na bintiye alikuwa na siku moja. Hakufikiri, na ndiyo mara ya kwanza katika utumishi wake kusema neno bila kulipima kwanza.

"Ninawaitaje? Waiteni wanavyoitwa! Wananchi! Wale ni wananchi, Mheshimiwa. Wananchi wa Kisimbi!"

Neno lile lilikuwa halijatamkwa ndani ya jengo kwa sauti namna hiyo, na kwa uchungu namna hiyo. Nje ya hotuba halikuwa na kazi. Katibu aliinua kalamu hakujua aiweke wapi.

"Hm," Mkurugenzi akasema. "Mpimeni."

Akamwendea Songoro, akainama hadi pua zao zikakaribiana.

"Mwananchi."

Mshipa haukucheza. Songoro alimtazama tu, kama mtu anayejaribu kusikia kitu cha mbali.

"Mwananchi!"

Midomo ya Songoro ikaanza kutetemeka.

"Wewe. *Mwananchi!*"

Na Bwana Songoro, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa ameitwa kunguni, kupe, takataka na mbwa koko asidondoshe hata chozi, akafunika uso kwa viganja vyake na kulia. Hakulia kwa hasira. Alilia kama mtu aliyepokea barua ya nyumbani aliyokwisha kukata tamaa nayo. Akatafuta mkono wa Mwalimu Shomvi, akaushika, akasema kwa shida, "Asante. Asante, bwana. Sikujua kama bado nimo."

Tabibu alikuwa tayari ametupa saa yake ya kupimia. Katibu aliandika: *Mtukanwa amelia. Haijapata kutokea.*

"Miaka thelathini!" Mkurugenzi akanong'ona. "Kupe hakumliza. Kunguni hakumliza. Wakuu wa vitengo, simameni. Tumeishuhudia historia."

"Mheshimiwa, hapana!" Mwalimu Shomvi akapiga kelele. "Hakuumia! Amefurahi! Hamsikii anavyoshukuru? Mwulizeni mwenyewe!"

"Kipimo hakiulizwi, Mwalimu. Kinasomwa."

"Lakini si tusi! Ni neno zuri! Ni, ni... nyinyi wote ni wananchi!"

Mjumbe mmoja, mzee wa watu, akashika kifua. Mkurugenzi akamwekea Mwalimu Shomvi mkono begani, kwa upendo wa kweli. "Umeshapita, ndugu yangu. Usiendelee kututukana. Unyenyekevu nao una kiasi chake."

Akapandishwa cheo palepale. Waraka ukatoka saa sita.

*

Sijapata kuona neno likipanda bei namna ile. Kufikia saa tisa wanawake wawili sokoni walikuwa wameshikana kanga. "Mwananchi wewe, na mama yako mwananchi!" Dereva wa lori alimtolea kichwa mwendesha baiskeli akamtupia neno hilo, na mwendesha baiskeli akaenda moja kwa moja polisi kufungua kesi ya kudhalilishwa. Bungeni mheshimiwa mmoja aliruka juu: "Mheshimiwa Spika, ameniita mwananchi! Naomba afute!" Spika akamtoa nje aliyetukana na kuwaomba radhi wageni waliokuwa na watoto.

Mawaziri, ambao tangu uhuru walianza kila hotuba kwa "ndugu wananchi", walitoa tamko la pamoja kwamba walikuwa wakinukuliwa vibaya. Hotuba zikaanza kwa "ndugu wahusika". Vitambulisho vilivyokuwa na neno lile vikaitishwa ili likwanguliwe, na foleni ya kukwanguliwa ikazunguka jengo mara mbili. Watu walisimama juani kwa saa nyingi, wakiwa na furaha, kila mmoja akiwa na hamu ya kuwahi kuacha kuwa.

Mwalimu Shomvi hakuiona foleni hiyo. Simu ilikuwa imelia. Alikuwa mkwewe, na nyuma ya sauti yake alimsikia Mwanaheri akilia kwa maumivu.

"Baba, uchungu umeanza."

*

Alifika mtoni juu ya pikipiki ya kukodi, jua likiwa bado kali. Boti ya serikali ilikuwa imefungwa kwenye gati, nyeupe na safi, na nahodha amekaa juu ya pipa akila embe. Nyuma yake kulikuwa na bango ambalo rangi yake haijakauka: VYURA RUKSA. WANANCHI MARUFUKU.

"Vusha boti," Mwalimu Shomvi akasema huku akihema. "Binti yangu yuko ng'ambo, ana uchungu, anatakiwa kupasuliwa."

"Yeye ni nani, mzee?"

"Ni wa Kisimbi."

Nahodha akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi wana bahati mbaya. Jana ningekukatalia kwa sababu ni vyura. Leo vyura wameruhusiwa, nimepokea waraka mchana huu, na mimi sina kinyongo na chura yeyote. Lakini wa Kisimbi wameshabadilishiwa. Hao ni wananchi sasa."

"Basi ni chura!" Mwalimu Shomvi akapaza sauti, na watu waliokuwa gatini wakageuka. "Binti yangu ni chura! Naapa kwa Mungu! Mimi baba yake, namjua, ni chura tangu kuzaliwa!"

"Nakuamini, mzee wangu. Karatasi ndiyo haikuamini."

"Mimi ndiye niliyeitunga hiyo karatasi!"

"Pole sana," nahodha akasema, na kwa kweli alikuwa amesikitika. Akamkatia kipande cha embe.

Mwalimu Shomvi akakipiga kile kipande kikaangukia majini. Alilia kwa hasira, hadharani, mtu mzima mwenye ofisi yenye zulia. Ndipo alipoona ng'ambo watu wakiteremka ukingoni. Walikuwa wengi, kijiji kizima labda, na juu ya vichwa vyao walikuwa wamebeba mlango. Waliung'oa kwenye nyumba ya Mwanaheri, na Mwanaheri alikuwa amelazwa juu yake, amefunikwa kanga. Waliingia mtoni kwa miguu, pale penye mchanga, maji yakapanda kiunoni, kifuani, shingoni, na mikono yao imenyooka juu.

Upande huu watu wakaanza kuzomea. "Wananchi haoo! Wananchiii!" Walizomea kwa nguvu zote, wakipiga makopo, na walio ndani ya maji hawakuwatazama.

Mwalimu Shomvi akaingia mtoni na viatu vyake. Akashika kona ya mlango, na akakipanda kilima cha hospitali akiwa ameishika hivyo hivyo. Njiani bintiye alifumbua macho.

"Mwanaheri," akasema, "lile jina. Ni mimi."

"Nilijua, baba. Uliponyamaza kwenye simu." Akauma midomo mpaka maumivu yakapita. "Twende tu."

*

Geti la hospitali lilikuwa limefungwa. Mlinzi, mtu wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi, akatoa karatasi kwenye dirisha dogo.

"Ndugu wa mgonjwa asaini Tamko la Kutokuwa. Kisha alisome kwa sauti mara tatu, mbele ya mashahidi. Samahani, mzee. Limeletwa saa nane."

Lilikuwa fupi. Mwalimu Shomvi akalitazama, kisha akawatazama watu wa Kisimbi. Walikuwa wamesimama nyuma yake, maji yakiwatiririka hadi kwenye vumbi, mlango juu ya mabega, yule bibi kizee asiyeona ameshikwa mkono na jirani.

"Soma, baba," Mwanaheri akasema.

Akasaini kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Akasoma.

"Mimi Shomvi, naapa kwamba binti yangu Mwanaheri si mwananchi, hajapata kuwa mwananchi, wala hana nia ya kuwa mwananchi, na hahusiani kwa lolote na wananchi."

"Haijasikika, mzee. Sauti kidogo."

Akasoma tena, akipaza sauti. Mara ya tatu akaisoma kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la mwisho, kila neno na haki yake, na hakuna hata mmoja miongoni mwa wale waliosimama nyuma aliyekohoa. Geti likafunguliwa. Machela ikaja mbio. Aliruhusiwa ndugu mmoja tu.

Upasuaji ulichukua saa nzima na dakika zake. Daktari alitoka akivua glovu, moja tu, maana ya pili haikuwapo, akasema mama mzima na mtoto mzima, ni wa kike, ana mapafu ya mpiga tarumbeta. Mwalimu Shomvi hakungoja kumwona. Alikimbia kwenye korido, akashuka ngazi, akavuka ua hadi getini, awape habari walioubeba mlango.

Palikuwa na vumbi lililolowa, basi.

"Wamekwenda wapi?" akamuuliza mlinzi.

"Wamerudi. Nimewaambia wangoje, wamekataa. Wamesema wao ni wananchi, wakikaa hapa watamharibia mgonjwa."

Mwalimu Shomvi akashika nondo za geti. Bondeni aliuona mlango umeinuliwa juu ya vichwa, mtupu sasa, ukienda taratibu kuelekea mtoni. Bado walikuwa karibu. Mtu mwenye sauti ya darasani angewafikia. Akajaza pumzi ili awaite. Na katika lugha yote aliyoifundisha kwa miaka ishirini na sita hakupata neno la kuwaitia ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliharibu.